Wa External kulipa zaidi kuliko wa Tegeta: kisa cha nauli ya duka moja Mwenge

Shangazi yangu ana duka la mashuka, mapazia na vitenge pale Mwenge, Dar es Salaam. Ana wafanyakazi watatu. Mbali na mshahara, kila Jumamosi jioni kabla ya kufunga huwapa nauli ya wiki inayofuata, siku sita, mkononi. Alikuwa akijisifia utaratibu huo, maana majirani zake wengi wanasema nauli imo humohumo kwenye mshahara. Kwa hiyo aliponipigia simu usiku mmoja sauti imempanda, nilijua kuna jambo. "Njoo unisaidie hesabu mwanangu, hawa watoto sasa wananiona mimi mwizi."

Anayelalamika alikuwa mmoja tu, dada anayekaa External, ile ya barabara ya Mandela, ndani kidogo upande wa Makuburi. Mwenzake anatoka Tegeta. Wa tatu ni kijana wa Sinza, na huyo hakuwa na neno lolote. Kuhusu yeye tutarudi.

Shangazi hakupanga viwango kwa kubahatisha. Mwanawe alimtumia kwenye simu jedwali la nauli za daladala lililotangazwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, na kuanza kutumika Desemba 2023, akalisoma na miwani yake hadi mwisho. Kilomita 0 hadi 10, shilingi 600. Kilomita 11 hadi 15, 700. Kutoka 16 hadi 20 ni 800, 21 hadi 25 ni 900, 26 hadi 30 ni 1,100. Tegeta hadi Mwenge ni kama kilomita 13, kwa hiyo 700 kwenda na 700 kurudi: dada wa Tegeta akapewa 1,400 kwa siku. External hadi Mwenge hazifiki 8, kwa hiyo 600 mara mbili: 1,200. Sinza ni hapo tu, nayo imo ndani ya kilomita 10: 1,200.

Ukiitazama karatasi, huoni kosa. Nami sikuliona siku ya kwanza.

"Mama, mimi kuna siku natumia elfu mbili na mia nne," dada wa External alisema mbele yangu, taratibu, macho yakiwa kwenye meza ya kukatia vitambaa.

"Mwenzako anatoka Tegeta na elfu moja na mia nne inamtosha. Wewe wa hapo External elfu mbili na mia nne unaipeleka wapi? Unapanda ndege?"

Dada akanyamaza. Tiketi za kuonyesha hakuwa nazo, na nani anazo? Kwenye daladala zetu konda hupokea hela, huikunja kwa urefu na kuibana katikati ya vidole, mambo yameisha. Ukidai tiketi ya safari ya vituo vinne, gari zima litageuka kukutazama. Basi nikaomba wiki mbili. Nikampa daftari la shule la kurasa arobaini, nikamwambia aandike kila gari analopanda: alipandia wapi, alishukia wapi, alilipa ngapi. Nikamwahidi kwamba siku moja nitapanda naye.

Sifuri inapoanzia

Kabla ya hiyo safari nieleze hili jedwali, kwa sababu mgogoro wote umejificha ndani yake.

Miji mingi duniani nauli hukatwa kwa kanda. London, kwa mfano, ramani ya treni imegawanywa kwa duara: kanda ya 1 katikati ya mji, ya 2 inaizunguka, na kuendelea hadi ya 6 na zaidi. Nauli yako inategemea kanda ulizopita, na treni ngapi ulibadili njiani si hoja. Berlin wana kanda A, B na C, na juu yake wameweka tiketi maalumu ya safari fupi: vituo vitatu vya treni za mjini, au sita vya basi. Huko kanda zimechorwa juu ya ardhi. Ukishuka na kupanda tena, ardhi haijasogea, bado uko kanda ileile.

Sisi tuna kitu kinachofanana na kanda kwa sura, lakini hakikuchorwa juu ya ardhi. Ni ngazi za umbali zilizobandikwa ndani ya kila gari. Ngazi ya kwanza ni kilomita 10 nzima, ya pili ni tano, ya tatu tano. Na zinaanza kuhesabiwa pale unapokanyaga kizingiti cha gari. Ukishuka Ubungo na kupanda jingine, zile kilomita ulizokwisha kulipia hazikufuati. Gari la pili linakuhesabu mgeni, sifuri imeanza upya, nawe unaingia tena ngazi ya 600.

Hapo ndipo hesabu ya shangazi ilipoteleza. Yeye alipima umbali kati ya External na Mwenge. Lakini ukiwa ndani ya ngazi ya kwanza, umbali hauna kazi tena. Kilomita moja ni 600, tisa ni 600. Kinachobadilisha bei ni kitu kimoja tu, mara ngapi umepanda. Kwa safari fupi za Dar es Salaam, swali la "ni mbali kiasi gani?" halikupi nauli. Swali linalokupa nauli ni "magari mangapi?"

Nilimwandikia shangazi nyuma ya risiti. Dada wa Tegeta, 700 kwa kilomita 13, ni kama shilingi 54 kwa kilomita. Anayesafiri kilomita 30 kwa gari moja, 1,100, ni kama 37. Dada wa External akipata gari la moja kwa moja, 600 kwa kilomita 7, ni kama 86. Akiunganisha magari mawili, 1,200 kwa kilomita zilezile 7, inafika 171. Na hiyo 1,200 ya asubuhi moja, kwenye gari moja, ingempeleka kilomita 30 na akabaki na mia mfukoni.

Shangazi aliitazama risiti muda mrefu. "Sasa kwa nini wasilipishe kwa kilomita tu, kama mabasi ya mkoani?"

Swali zuri. Kwa mabasi ya mkoani ya daraja la kawaida, viwango vya Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kila kilomita. Tukimpa dada wa External bei hiyo, kilomita zake 7 zingekuwa 339. Lakini nani atamrudishia konda shilingi moja, na konda ataitoa wapi? Nauli lazima ikubaliane na sarafu zilizopo, na ikishazungushwa, anayeumia au kunufaika ni wa safari fupi. Tazama treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa: nauli zake za daraja la kawaida za mwaka 2024 zilijengwa juu ya shilingi 69.51 kwa kilomita, kisha zikazungushwa kwenye elfu. Kutoka Dar hadi Pugu, kilomita 19, hesabu inatoa kama 1,320, ikawa 1,000. Soga, kilomita 51, inatoa kama 3,545, ikawa 4,000. Wa Pugu kachekelea, wa Soga kaongezewa mia nne na hamsini na ushee. Anayekwenda mbali zaidi tofauti kama hiyo haisikii.

Kuna jingine ambalo abiria huwa hatulipendi lakini ni kweli. Gari kusimama na kuondoka kunakula mafuta na breki kuliko kutembea. Kiti cha abiria wa vituo viwili kinamhitaji konda yuleyule, kituo kilekile, foleni ileile. Ndiyo maana karibu kila mfumo wa nauli una kiwango cha chini. Ninachobishania mimi ni upana wake. Kilomita 10 ndani ya mji huu ni kutoka Mwenge hadi ukaribie Posta. Ukiziita zote "safari fupi" bei moja, umemfanya wa kituo kimoja amchangie wa kilomita tisa. (Na anayekwenda kilomita 10 na nusu? Jedwali linasema 0 hadi 10, kisha 11 hadi 15. Hiyo nusu ni mtoto wa nani? Mwenye jibu ni konda, na huwa hana shaka.)

Jumanne, saa kumi na mbili na robo

Nilifika External kungali na ubaridi. Dada alikuwa kituoni tayari, begi dogo kifuani, viatu vya kazini ndani ya mfuko wa rambo na miguuni kandambili. Kando yake watu wapatao thelathini, wote wakitazama upande mmoja, upande wa Buguruni.

Magari ya moja kwa moja yapo. Yanatoka Temeke na Buguruni, yanapita Mandela, yanavuka Ubungo na kushika Sam Nujoma hadi Mwenge. Tatizo ni kwamba yanafika External yakiwa yameshapakia Buguruni na Tabata. La kwanza lilipita bila kupunguza mwendo, konda nusu mwili nje, akitupungia mkono kama anayetuaga. La pili lilipunguza. Walishuka wawili, wakagombea kumi na tano. "Sogea nyuma, nyuma peupe! Mama weka mguu, weka mguu tu, mwili utaingia! Twende suka!" Waliingia watatu. Dada hakusogea hata hatua. Aliniambia aliwahi kukatika ushanga na kupoteza simu kwenye mlango kama ule, ndani ya wiki moja.

Tulikaa dakika ishirini na tano. Magari ya Mwenge yalipita manne. Kisha likaja Hiace chakavu, konda wake anaita "Ubungo, Ubungo, Ubungo mataa," ingawa hapo siku hizi kuna barabara za juu, ile Kijazi iliyofunguliwa 2021. Jina la mataa limegoma kufa. Tukapanda.

"Nauli, dada."

"Anko, hapo Ubungo tu. Chukua mia tatu."

"Mia sita. Kama mia tatu tembea, kunakucha."

Hakuwa na ubaya, alisema huku anacheka. Nilimuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimebanwa kwenye kiti cha karibu na mlango, kwa nini asipokee mia tatu kwa kilomita mbili na nusu. "Bro, hesabu ya bosi haina Ubungo tu. Wa Ubungo tu wakiwa kumi na nne, mimi jioni nampelekea nini?" Kisha akaongeza jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile: mchana, gari likiwa jeupe, hiyo mia tatu anaipokea bila maneno. 600 ni kikomo cha juu, akichukua pungufu hakuna wa kumuuliza. Kwa hiyo safari fupi ina bei ya mchana na bei ya asubuhi, na mwenye kazi inayoanza saa mbili kamili hana namna ya kununua ile ya mchana.

Ubungo tulishuka upande wa Mandela, tukatembea chini ya daraja na kuvuka hadi upande wa Sam Nujoma. Dakika saba, pamoja na kumpisha muuza mihogo na toroli lake. Gari la Mwenge lilipatikana upesi, tena na siti. Mia sita nyingine. Tulifika dukani saa mbili kasoro kumi. Dada akabadili viatu mlangoni, kandambili zikaingia kwenye rambo.

Nilimuuliza kwa nini hageuzi. Kwa wasioijua Dar, kugeuza ni kupanda gari linaloelekea kinyume na unakokwenda, ukae kwenye siti, liende hadi kituo chake cha mwisho, ligeuze na kurudi nawe ukiwa umetulia dirishani. Yeye angepanda kurudi nyuma hadi Buguruni, kisha aje nalo mpaka Mwenge. "Nimegeuza sana," akasema. "Lakini wanaogeuza wanalipa nauli mbili, na nachelewa." Mia sita ya kurudi nyuma, mia sita ya kwenda mbele. Ni 1,200 ileile ya kuunganisha, na juu yake saa nzima ya foleni. Wanaogeuza wananunua siti. Yeye shida yake si siti.

Kuna na kukatisha. Mara mbili katika zile wiki mbili, jioni, gari la moja kwa moja lilifika Ubungo na konda akatangaza kwamba gari linaishia hapo, shukeni, tunageuza. Gari limeandikwa ruti yake ubavuni, leseni yake inasema mwisho uko mbele, lakini foleni ya Mandela imewatisha, au Ubungo kuna abiria wengi wa kurudi Mwenge. Hilo ni kosa kisheria, na askari wa usalama barabarani na LATRA hulikamata wanapoliona. Ila kwa mfuko wa abiria lina maana moja: nauli moja imekatwa katikati na kuwa mbili. Wengine hudai warudishiwe nusu. Dada aliwahi kudai, akarudishiwa mia moja na ahadi.

Daftari

Siku kumi na mbili za kazi. Mwandiko mdogo, mstari mmoja kwa kila gari.

Asubuhi: gari la moja kwa moja siku nne, magari mawili siku saba, bodaboda siku moja, shilingi 3,000, siku ambayo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Jioni: moja kwa moja siku kumi, na zile mbili alizokatishiwa Ubungo, magari mawili.

Nikajumlisha mbele yao. Asubuhi nne kwa 600 ni 2,400. Saba kwa 1,200 ni 8,400. Bodaboda 3,000. Jioni kumi kwa 600 ni 6,000, na mbili kwa 1,200 ni 2,400. Jumla 22,200. Alipewa 1,200 kwa siku kumi na mbili, yaani 14,400. Pengo, 7,800.

Shangazi akaigomea bodaboda. "Siku hiyo kila mtu alilowa. Mbona mimi sikuchukua boda?" Shangazi ana gari, lakini hilo sikulisema. Na kwa kweli, kama kanuni, alikuwa na haki: ukianza kulipa bodaboda huna pa kusimama. Tukaifuta, tukaweka mahali pake 1,200 ya magari mawili, kwani siku hiyo asingepata la moja kwa moja kwa vyovyote. Jumla ikashuka hadi 20,400. Gawa kwa kumi na mbili: 1,700 kamili kwa siku. Sikuipanga itoke hivyo, imetoka yenyewe.

Kwa hiyo dada alikuwa ametia chumvi kidogo alipotaja 2,400. Alizitaja siku mbaya, na alisema mwenyewe "kuna siku". Siku zenyewe zilikuwa mbili. Lakini alikuwa karibu na ukweli kuliko jedwali la bosi wake, lililompunja 500 kila siku.

Shangazi hakushindwa moja kwa moja. Alikuwa na hoja ya pili: nauli zilipopanda, yeye alipandisha. Mei 2022, ngazi ya kwanza ilipotoka 400 kwenda 500, aliwaongezea. Desemba 2023, ilipotoka 500 kwenda 600, aliwaongezea tena. Kweli tupu. Ila aliongeza mia kwa kila safari, na anayeunganisha kila mia inamgonga mara mbili. Kabla ya Mei 2022 magari mawili yalikuwa 800. Sasa ni 1,200. Wa Tegeta katika muda huohuo ametoka 450 hadi 700. Mmoja kaongezewa 400 kwa safari, mwingine 250, na aliyeongezewa zaidi ndiye wa karibu.

Mtu anaweza kudhani hili haliepukiki kwa mji wetu. Mbona tulishawahi kuliepuka? Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, njia kuu ilikuwa 650, njia mlishi, yaani ya mabasi yanayoleta abiria kwenye njia kuu, 400, na aliyetumia zote mbili alilipa 800, si 1,050. Yaani mtu aliyeunganisha alihesabiwa kuwa na safari moja. London nako mabasi hayana kanda kabisa, na tangu 2016 wana utaratibu wa saa moja: ukishalipa basi la kwanza, la pili ndani ya saa hiyo hulipii. Kinachowezesha yote hayo ni kitu kimoja, mkusanyaji wa hela awe mmoja, au angalau mashine ziwe zinaongea. Hiace ya External na Coaster ya Mwenge zina wamiliki wawili, makonda wawili, na hesabu mbili za jioni. Punguzo la kuunganisha nani amlipe mwenzake? Hadi hapo patakapopatiwa jibu, anayeunganisha ataendelea kuwa abiria wawili ndani ya mwili mmoja.

Wa Tegeta naye

Shangazi akakubali 1,700. Nilidhani tumemaliza. Jumatatu iliyofuata dada wa Tegeta akaja na maneno, na wala hakuja taratibu.

"Mama, mimi naamka saa kumi. Saa kumi alfajiri! Huyu wa hapo External anapata elfu moja mia saba, mimi elfu moja mia nne. Umbali wangu hauonekani?"

Unamjibuje mtu kama huyo? Kwa hesabu, nauli yake ni 700 na inamtosha. Lakini moyoni kila mtu anaamini wa mbali ndiye anayestahili zaidi, na kumwambia kwamba jasho lake halina ngazi kwenye jedwali ni kumtukana. Shangazi alinitazama mimi. Nikampa daftari na yeye.

Lake lilikuwa na mambo yake. Safari ishirini na nne, zote gari moja. Ila tatu kati yake alitozwa 800. Alikuwa amepanda magari yanayotoka Bunju, na konda akasema gari la Bunju nauli ni ya Bunju, popote ulipopandia. Nijuavyo mimi jedwali limeandikwa kwa kilomita, halikuandikwa kwa jina lililochorwa ubavuni, na kutoka Tegeta zake ni 13. Lakini saa kumi na moja alfajiri, gizani, abiria mmoja dhidi ya konda na wenye haraka thelathini, nani ataanza kusoma jedwali? Akalipa. Mia tatu zimekwenda. Halafu mara mbili alitoa noti ya elfu moja, chenji ikawa "nakupa mbele", na Mwenge ikafika kabla ya hiyo mbele. Mia sita nyingine.

Mia tisa kwa siku kumi na mbili ni shilingi 75 kwa siku. Shangazi akaiita mia, akampa 1,500. Chenji iliyopotea si nauli, nilimwambia. "Wewe kaa kimya," akanijibu, "hiyo ni ya kuamka saa kumi."

Hivyo sasa viwango vya duka ni 1,700 External, 1,500 Tegeta, 1,200 Sinza, na shangazi amevibandika kwa gundi ndani ya mlango wa kabati la vitambaa, chini ya kalenda. Kila miezi mitatu kila mmoja ataandika daftari wiki mbili.

Kila mmoja, isipokuwa kijana wa Sinza. Yeye naye yumo kwenye ngazi ya kwanza, sawasawa na wa External: chini ya kilomita 10, shilingi 600. Asubuhi ile ya Jumanne, tukiwa ndani ya gari la pili, nilimwona kwa dirishani pembeni ya Sam Nujoma, karibu na Mlimani City, spika za simu masikioni, anatembea kwa miguu kuelekea kazini, mwendo wa mtu anayeijua njia yake. Foleni ilikuwa imesimama, na kwa muda alitupita.

Shangazi hajamwomba daftari. Mimi nami sijamkumbusha.